Tom Mboya na Nauli ya Kwenda Chuoni

Katika toleo hili twawaletea wasomaji wetu habari za maisha ya Thomas Joseph Odhiambo Mboya, aliyejulikana na watu wote kwa jina la Tom Mboya. Alikuwa mtu wa Kenya, wala hakuwa wa kanisa letu, maana alilelewa katika Kanisa Katoliki. Tumemchagua kwa sababu kila mwaka, matokeo ya Kidato cha Sita yanapotoka, wazazi wa Kasulu na Kibondo hutuuliza jambo lile lile: mtoto amefaulu, chuo kimemkubali, je, fedha zitatoka wapi? Mboya alikutana na swali hilo mara mbili. Mara ya kwanza lilikuwa lake mwenyewe, na jibu halikupatikana. Mara ya pili lilikuwa la watoto wa watu wengine, na hapo hakukubali kulala mpaka limepatikana.

Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na mji wa Thika, katika shamba la mkonge lililokuwa la Sir William Northrup McMillan. Baba yake, mzee Leonardus Ndiege, alitoka kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria, akaacha kwao na kwenda mbali kutafuta kazi ya mshahara. Hapa wazee wetu hawahitaji maelezo marefu. Wakati wa ukoloni Buha ilitoa watu wa mkonge kwa miaka mingi. Waha waliandikishwa, wakapewa namba, na ndiyo maana wakaitwa manamba. Walipanda treni Kigoma wakaenda mpaka Morogoro na Tanga kukata mkonge, ili wapate fedha ya kodi na ya nguo. Wako waliorudi na blanketi na baiskeli, na wako ambao hawakurudi, na wajukuu wao wako huko Tanga hata leo. Basi mtu aliyezaliwa katika kambi ya mkonge si mgeni kwetu, hata kama alikuwa Mkenya.

Mzee Ndiege alikuwa na nafuu kidogo kuliko wakata mkonge wenyewe, kwa kuwa alipanda akawa mnyapara. Lakini mshahara wa mnyapara haukuwa mshahara wa kusomesha watoto kadhaa kwa wakati mmoja. Hata hivyo alikuwa mtu wa kupenda shule, naye alimtuma Tom kwanza kwa wamisionari wa Kabaa, katika nchi ya Wakamba, halafu Yala kule Nyanza, na mwaka 1946 kijana akaingia shule ya Mangu, iliyokuwa mojawapo ya shule bora za Waafrika wa Kenya. Kwa kuhamahama huko, na kwa kucheza na watoto wa kambini, alijifunza Kikamba na Kikikuyu pamoja na Kijaluo na Kiswahili. Jambo hilo lilimsaidia sana baadaye, maana kila alipopanda jukwaani watu walimwona kuwa ni wao.

Mwaka 1947 alifanya mtihani wa sekondari wa Waafrika. Ilibaki miaka miwili tu apate cheti cha Cambridge, ambacho ndicho kilichofungua mlango wa Makerere. Hapo ndipo fedha ilipokwisha. Wadogo zake walikuwa wamefika umri wa shule, na baba hakuweza kumlipia mkubwa na wadogo pamoja. Tom akaacha shule.

Tusimlaumu mzee yule. Nyumba nyingi za Kasulu na Kibondo zimewahi kukaa baraza la namna hiyo usiku, watoto wamekwisha lala, baba na mama wakihesabu magunia ya maharage na kuulizana ni nani aendelee na nani angoje. Mara nyingi anayeambiwa angoje ni binti. Mzee Ndiege alimwambia mkubwa angoje, naye akaona ni haki, akaenda kutafuta chuo kisichodai karo.

Chuo hicho kilikuwa cha mabwana afya, mjini Nairobi. Alikiingia mwaka 1948. Hakukichagua kwa kupenda mifereji na vyoo. Alikichagua kwa sababu mwanafunzi hakulipa, tena alipewa posho kidogo. Wasomaji watakubaliana nasi kwamba vijana wengi maskini huchagua hivyo: hawaulizi kwanza wanapenda kazi gani, bali ni mafunzo gani yanayolisha mwanafunzi wake. Ualimu na uuguzi vimepata watumishi wengi wazuri kwa njia hiyo, na si vibaya. Lakini ni vema tujue kwamba huo si uchaguzi wa huru kama ule wa mtoto wa tajiri.

Alimaliza akaajiriwa na Halmashauri ya Jiji la Nairobi mwaka 1951. Alikuta kwamba bwana afya Mwafrika alipata sehemu ndogo tu ya mshahara wa Mzungu aliyefanya kazi ile ile. Yeye mwenyewe aliandika baadaye jinsi mama mmoja wa Kizungu alivyoingia ofisini na chupa ya maziwa ya kupimwa, akamtazama Mboya aliyekuwa peke yake mezani, akauliza kama hakuna mtu. Kutokana na mambo kama hayo alianzisha chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Mwaka 1952 hali ya hatari ilitangazwa Kenya, na baadaye vyama vya siasa vya Waafrika vikapigwa marufuku, hata sauti iliyobaki ikawa ya vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1953 Mboya akawa katibu mkuu wa shirikisho lao. Alikuwa na umri wa miaka 23. Mwaka 1955 wapagazi wa bandari ya Mombasa walipogoma, yeye ndiye aliyewasemea, wakaongezewa mshahara.

Mwaka huo huo alipata msaada wa masomo kwenda Ruskin College, katika mji wa Oxford, Uingereza. Twaomba msomaji aangalie chuo hicho ni cha namna gani. Ruskin kilianzishwa kwa ajili ya watu wazima waliofanya kazi, ambao hawakupata nafasi ya kusoma utotoni. Hakikudai cheti cha Cambridge. Kwa hiyo kijana aliyesimamishwa mlangoni mwaka 1947 kwa kukosa cheti aliingia kwa mlango mwingine baada ya miaka 8, akasoma uchumi na siasa kwa mwaka mmoja. Hakupata digrii. Wala maishani mwake hakupata, ila zile za heshima. Twadhani ndiyo sababu hakuwadharau wasio nazo, na ndiyo sababu pia aliwatafutia wengine kwa bidii iliyowashangaza rafiki zake.

Mwaka 1956, akitoka Oxford, alipita Marekani kuhutubia. Huko alifanya urafiki na mfanyabiashara mmoja wa vipuri vya ndege, Bwana William Scheinman, ambaye alianza kulipia nauli za wanafunzi wachache wa Kenya kutoka mfukoni mwake. Hapo mpango mkubwa ulianza kuota.

Inafaa tueleze hali ilivyokuwa. Katika Afrika ya Mashariki yote ya miaka ile, Makerere peke yake ndipo mtu alipoweza kusomea digrii, na nafasi zake zilikuwa chache mno kwa nchi zote zilizoitegemea. Chuo cha ufundi cha Nairobi kilifunguliwa mwaka 1956, lakini nacho kilikuwa kidogo. Tanganyika haikuwa na chuo kikuu hata kimoja mpaka Oktoba 1961, kilipofunguliwa kile cha Dar es Salaam katika jumba la TANU, kikianza na wanafunzi wa sheria wasiozidi darasa moja dogo. Uhuru ulikuwa unabisha hodi, na watakaoshika kazi za serikali hawapo. Wakoloni walisema mambo yaende polepole. Mboya hakuona sababu ya kungoja.

Vijana wenyewe walikuwa wameanza kuandika barua. Wengi waliandikia vyuo vya Marekani moja kwa moja, tena vingi vidogo vya makanisa, na vyuo viliwajibu kwamba vitawasamehe ada, na pengine kuwapa kitanda. Hapo ndipo mambo yalipokwama. Kijana ana barua ya chuo mkononi, ada imesamehewa, lakini nauli ya ndege kutoka Nairobi mpaka New York ni fedha ambayo baba yake hajapata kuiona tangu azaliwe. Serikali ya Kiingereza haikutaka kuitoa, maana ilividharau vyuo vya Marekani na kuogopa siasa ambazo vijana wangejifunza huko. Serikali ya Marekani nayo iliombwa ikakataa, isije ikawaudhi Waingereza. Kwa hiyo masomo yenyewe, ambayo ndiyo yenye gharama kubwa, yalikuwa yamepatikana bure. Kilichokosekana ni safari.

Mboya aliliona jambo hilo upesi, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa amezuiwa na miaka miwili tu. Mwaka 1959 alikwenda tena Marekani, akazunguka majimbo kwa majuma kadhaa akihutubia vyuo na makanisa na vyama vya wafanyakazi. Kila alipokwenda aliomba vitu viwili: nafasi za masomo, na fedha ya ndege. Bwana Scheinman na wenzake waliunda mfuko wa wanafunzi wa Kiafrika. Mchezaji maarufu Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier waliweka sahihi zao katika barua ya kuomba michango, na maelfu ya Wamarekani, weusi kwa weupe, wakatuma walichokuwa nacho. Kule Nairobi Dakta Gikonyo Kiano na Bwana Kariuki Njiiri, ambao wote walikuwa wamesoma Marekani, walisaidiana naye kupitia majina ya waombaji.

Fedha za Marekani zilikodi ndege, lakini mwanafunzi alihitaji pia nguo ya baridi na fedha za kuanzia. Hizo zilitoka vijijini. Watu walifanya karamu za chai za kuchanga, wengine wakauza ng'ombe, na ukoo mzima ukatoa shilingi moja moja. Septemba 1959 ndege iliruka Nairobi na wanafunzi 81. Wengi wao walikuwa hawajapata kupanda ndege wala kuona jengo la ghorofa nyingi.

Jambo moja linafaa kusimuliwa katika gazeti la parishi. Mwaka huo Mboya alimwomba Dakta Martin Luther King amsaidie mwanafunzi mmoja aliyekwenda chuo cha Tuskegee katika jimbo la Alabama. Dakta King alikuwa bado mchungaji wa kanisa la Dexter Avenue mjini Montgomery. Alikubali, na kanisa lake pamoja na chama alichokiongoza vikashika mzigo wa mwanafunzi huyo. Ni mwanafunzi mmoja tu, wala habari hiyo haikuandikwa kwa herufi kubwa popote. Sisi twaiona kuwa mojawapo ya habari bora za mpango mzima, maana idadi hiyo hata parishi ndogo inaiweza.

Mwaka 1960 waombaji waliongezeka, wakiwamo wa Tanganyika, Zanzibar, Uganda, Nyasaland na zile Rhodesia mbili. Fedha haikutosha kabisa. Tarehe 26 Julai Mboya alimwendea Seneta John Kennedy, aliyekuwa anagombea urais, nyumbani kwake Hyannis Port. Mfuko wa familia ya Kennedy ukaahidi dola 100,000. Serikali ya Marekani iliposikia, ikageuka ghafula ikataka kutoa kiasi kile kile kilichokuwa kimekataliwa, na magomvi ya uchaguzi yakaingia katikati. Vijana hawakuwa na habari na magomvi hayo. Walichojua ni kwamba mwaka huo zilipatikana ndege kadhaa, na zaidi ya wanafunzi 200 walisafiri. Mmoja wao alikuwa binti wa mkulima wa Nyeri, Wangari Muta, aliyekwenda chuo cha masista huko Atchison, Kansas. Dunia ilimjua baadaye kwa jina la Wangari Maathai, naye alipata tuzo ya Nobeli ya amani mwaka 2004. Watu wengi husema kwamba baba yake Rais Barack Obama naye alikuwa katika ndege ya wale 81. Si kweli. Alikwenda Hawaii mwaka ule ule wa 1959, lakini kwa msaada wa mabibi wa Kimarekani waliofanya kazi ya kufundisha watu kusoma. Hadi mpango ulipokwisha mwaka 1963, wanafunzi wapatao 800 walikuwa wamepelekwa.

Hatutaki kumfanya Mboya malaika. Wapinzani wake walilalamika kwamba waliochaguliwa walikuwa rafiki zake na watu wa upande wake. Wengine walisema vijana walitupwa katika vyuo dhaifu bila fedha ya kutosha, na ni kweli kwamba wapo waliohangaika wakiosha vyombo usiku ili wale. Kwa maoni yetu kasoro kubwa zaidi ni nyingine, wala haikuwa ya Mboya peke yake. Msaada ule ulimfikia aliyesikia habari zake. Kijana wa Nairobi, au aliyesoma shule yenye jina, alijua aandike kwa nani na ofisi ya Mboya iko wapi. Kijana mwenye akili ile ile aliyekuwa akichunga mbuzi huku Heru Juu au Kifura, mbali na reli na mbali na magazeti, angesikia lini?

Swali hilo bado liko kwetu, ingawa siku zimebadilika. Kwa miaka mingi baada ya uhuru serikali yetu ililipa gharama zote za chuo kikuu, nauli ya mwanafunzi ikiwamo. Halafu ukaja wakati wa kuchangia gharama, na sheria ya mwaka 2004 ikaunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005. Mkopo waweza kulipia ada, chakula na malazi, vitabu na mafunzo ya vitendo, nao hurudishwa mtu akipata kazi. Wanaofikiriwa kwanza ni yatima, walemavu na watoto wa kaya maskini, na zile zilizo katika mpango wa TASAF zinatambuliwa. Kwa hiyo mtoto wa mjane wa Kasulu hana sababu ya kujiona kwamba fedha hizo ni za watu wa Dar es Salaam.

Lakini maombi hufanywa kwa intaneti, na dirisha hufunguliwa kwa muda maalumu tu. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, na watoto wetu wengi walizaliwa nyumbani bila cheti. Yatima hudaiwa cheti cha kifo cha mzazi, na vijijini watu wengi huzikwa pasipo mtu kukumbuka karatasi. Tena inatakiwa sahihi na mhuri wa serikali ya kijiji au mtaa, mdhamini mwenye kitambulisho, na hakimu au wakili wa kushuhudia. Fomu yaweza kurudishwa kwa kukosa sahihi moja. Wazazi wasingoje matokeo ya mtihani; vyeti vyaweza kutafutwa mtoto akiwa bado Kidato cha Tano, au hata mapema zaidi. Na ile fedha ambayo vijana huiita bumu haitoki mpaka mwanafunzi amefika chuoni, amejiandikisha na kutia sahihi. Maana yake nauli kutoka Kibondo mpaka Dodoma au Dar es Salaam, na chakula cha majuma ya kwanza, ni juu ya nyumbani. Twajua vijana waliopewa mkopo kamili wakachelewa kufika kwa sababu ya nauli ya basi.

Turudi kwa Mboya. Mwaka 1962 alimwoa Pamela Odede, aliyekuwa mmoja wa wanafunzi waliosoma Marekani kwa mpango ule. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 alikuwa waziri, kwanza wa sheria, kisha wa mipango ya uchumi. Waliorudi kutoka masomoni walijaza ofisi za serikali, vyuo, benki na hospitali, na kwa miaka mingi mtu aliyeingia ofisi kubwa ya Nairobi hakukosa kumkuta mmoja wao. Mdogo wake Alphonse Okuku naye alisoma Antioch College katika jimbo la Ohio, na hivyo kungoja kwa kaka hakukupotea bure.

Siku ya Jumamosi, tarehe 5 Julai 1969, Mboya alipigwa risasi mchana alipokuwa akitoka katika duka la dawa mjini Nairobi. Alikuwa na umri wa miaka 38. Mtu mmoja alishtakiwa, akahukumiwa na kunyongwa, lakini maneno ya nani aliyemtuma hayajakwisha Kenya mpaka leo. Katika barabara ile ile, iitwayo sasa Moi Avenue, sanamu yake ilisimamishwa mwaka 2011, hatua chache kutoka mahali alipoanguka. Mwili wake ulichukuliwa kwa gari kupitia Bonde la Ufa mpaka Nyanza, watu wakiwa wamejaa kando ya njia, ukazikwa katika kisiwa cha Rusinga, ambako baba yake alitoka zamani kwenda kutafuta kazi ya mkonge.